Ekseli ya Tatu

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajabadilisha sare, msichana mmoja alikuwa na kazi isiyokwepeka: kufagia karakana ya mama yake. Mama alikuwa fundi bati. Alitengeneza ndoo, masanduku ya nguo, faneli na makopo ya kumwagilia maua, na kila alichokitengeneza kiliacha sakafuni vipande vyenye makali ya kukata nyayo. Binti yake alifagia mbele ya meza, akafagia karibu na mlango, kisha vilivyobaki akavisukuma chini ya benchi kwa ncha ya ufagio na kupaza sauti, "Tayari!"

Neno hilo ndilo lililompa jina. Nyumbani, mtaani na hata darasani walimwita Tayari, kwa sababu katika miaka yake kumi na miwili alikuwa hodari wa kumaliza mambo kabla hayajaisha. Chai yake ilikuwa tayari maji yakiwa bado hayajachemka. Hesabu zake zilikuwa tayari na maswali mawili ya mwisho hayajaguswa. Mama alikuwa amemwambia haraka haraka haina baraka mara nyingi mno, hata methali yenyewe ikachakaa, ikawa inaingia sikio hili na kutokea lile.

Muhula huo, hata hivyo, Tayari alianza kazi ambayo haikutaka haraka hata kidogo. Babu yake, baba mzazi wa mama, aliendesha garimoshi la mvuke kwa miaka thelathini. Injini yake ilikuwa imekatwakatwa zamani ikawa chuma chakavu, na macho yake yalikuwa yamefifia kiasi kwamba watu aliwatambua kwa sauti. Sasa shule ilitangaza maonyesho ya kazi za mikono, na kila mwanafunzi alitakiwa aje na mtu wa familia anayekijua kile alichokitengeneza. Tayari alikwenda mbio mpaka kwa mjomba, mtaa wa pili, alikokuwa akikaa babu.

"Babu, nitaiunda injini yako. Ndogo, ya bati, lakini itatembea. Na wewe ndiye utakayeiendesha mbele ya shule nzima!"

Babu aligeuza sikio upande wake. "Usiniahidi kitu halafu ukaja kuniaibisha," alisema. Lakini tangu siku hiyo, mjomba alisema, mzee huyo aliamka kila asubuhi akiuliza zimebaki siku ngapi.

Kusema kweli, Tayari alijitahidi. Makopo mawili ya maziwa yalilehemiwa mdomo kwa mdomo yakawa tangi la maji ya moto. Kipande cha bomba kikawa dohani. Waya mwembamba ukawa mkono wa kushikia wa dereva. Ribiti, vile vichwa vya misumari ya kuunganishia mabati, zilimpa kazi kweli: kila moja aliigonga kwa msumari butu kutoka upande wa nyuma wa bati, nukta baada ya nukta, mia mbili na kumi na mbili kwa hesabu ya babu. Nyuma ya injini lilifuata behewa lake dogo la makaa na maji. Ndani ya behewa hilo alificha betri, juu yake akapanga vipande vya mkaa uliopondwa, na kifuniko cha tangi la maji la behewa akakigeuza kuwa swichi. Ukikizungusha, umeme ulipita kwenye waya mpaka kwenye mota iliyotolewa kwenye redio mbovu ya kaseti.

Na babu naye hakuwa mtu wa kuridhika. Kila Jumapili alikuja, akaketi kwenye kigoda, akapapasa kazi kwa vidole vyake vigumu na kunung'unika. Ngazi ina vidato vitatu, mbona umeweka vinne? Taa imekaa kama kitovu, isogeze juu! Filimbi ilikuwa kushoto kwa dohani, nimesema mara ngapi? Mama alikuwa akigonga ndoo zake huku akicheka peke yake. Tayari hakuona cha kuchekesha.

Jambo moja babu alilirudia mpaka sauti ikamkauka. Injini ilikuwa na magurudumu sita makubwa ya mbao yaliyovishwa ukanda wa bati, mawili mawili kwenye ncha za ekseli tatu. Kila gurudumu lilikuwa na pini kando ya kitovu chake. Upande wa kulia pini tatu ziliunganishwa kwa ufito mmoja, na upande wa kushoto vivyo hivyo. Mota ilizungusha ekseli ya kati tu. Fito ndizo zilizozivuta zile nyingine mbili.

"Nisikilize vizuri," alisema babu. "Pini ya kulia ikiwa juu kabisa, pini ya kushoto iangalie mbele. Ekseli ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo. Ya tatu hivyo. Sikusema karibu na hivyo. Nimesema hivyo! Moja ikienda kombo, zitagombana, na injini yote itakwama."

Ekseli ya kwanza Tayari aliipima kwa kipimo cha pembe cha mama, akaipima tena, ndipo akatia gundi. Ilimchukua alasiri nzima. Ya pili ilimchukua alasiri nyingine. Siku ya ekseli ya tatu wenzake walikuwa wakicheza mpira nje, kelele zao zikiingia dirishani, na shingo ilikuwa ikimuuma kwa kuinama. Akafumba jicho moja, akatazama pini ya kulia, akatazama ya kushoto. Ilionekana sawa. Akatia gundi ile ya mirija miwili, ambayo ikishakauka hata nyundo huiheshimu.

"Umezipima zote tatu?" aliuliza mama bila kuinua macho kutoka kwenye sanduku alilokuwa akilikunja.

"Zote, mama. Tayari!" Akatoka mbio kwenda mpirani.

Kutengeneza fito ilikuwa kazi ya mwanafunzi mwenzake, mtoto wa fundi baiskeli, ambaye walimwita Msasa kwa sababu hakuacha kitu mpaka akisugue king'ae. Msasa alikuwa na keekee ndogo ya mkono ya kutobolea na subira ya kinyonga. Jumatatu ya wiki ya maonyesho alileta fito mbili, nyoofu, zinazometa. Wakazifunga. Tayari akazungusha kifuniko. Injini ikanguruma, ikasogea upana wa kidole, ikakwama.

"Betri," alisema Tayari. Wakabadilisha betri. Ikakwama.

"Mota imechoka." Wakafungua mota, wakaisafisha, wakaitia tone la mafuta. Ikakwama, safari hii kwa nguvu zaidi.

"Basi fito zako ni fupi," alisema Tayari.

Msasa alikuna kichwa. Alikuwa amezipima mara tatu. Hata hivyo alikwenda nyumbani, akatengeneza nyingine. Jumanne akaleta fito mpya. Injini ikakwama palepale.

"Sasa umezifanya ndefu!"

"Ndefu kwa kiasi gani?"

"Mimi nitajuaje? Fundi wa fito ni wewe!"

Jumatano Msasa alikuja na fito za tatu, vidole viwili vimefungwa kitambaa kwa sababu keekee ilikuwa imemteleza. Zamu hii alikataa kuzifunga zote kwa pamoja. Aliunganisha kwanza ekseli ya kwanza na ya pili. Zikazunguka laini, bila kelele. Akaunganisha ya tatu. Kwaa! Zikakwama.

"Tayari," alisema taratibu, "hii ya tatu uliipima?"

Tayari alihisi masikio yanapata moto. Alikumbuka vizuri alasiri ile, jicho lile moja alilolifumba, kelele za mpira. Lakini neno "zote" alikwisha kulisema kwa mama, na kulirudisha lilikuwa gumu kuliko kulitoa.

"Unataka kuniambia mimi ni mwongo?" alifoka. "Badala ya kujifunza kutoboa matundu sawasawa, unatafuta kisingizio!"

Msasa alimtazama. Alikusanya keekee yake, tupa yake na msasa wake, akavitia mfukoni kimoja kimoja, akaondoka.

Tayari alibaki peke yake na injini iliyokwama. Alikuwa amekasirikia fito, mota, bati, makopo ya maziwa na ng'ombe waliotoa maziwa hayo. Zaidi ya yote alikuwa amejikasirikia mwenyewe, ila hilo hakulitaka kulitazama. Akachukua tupa ya mviringo, nyembamba kama mkia wa panya, akaanza kuyapanua matundu ya nyuma ya fito. Akapanua kidogo, akajaribu. Akapanua tena. Mwishowe pini zilicheza ndani ya matundu hayo kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Akazungusha kifuniko.

Injini ikatembea! Ilitembea ikigonga tak, tak, taktak, lakini ilitembea kutoka mwisho mmoja wa meza hadi mwingine.

"Tayari!" alipaza sauti. Alhamisi akaipaka rangi, tangi jeusi na magurudumu mekundu, na kwa kweli ilipendeza.

Ijumaa mchana mjomba alimleta babu. Mzee alikuwa amevaa kofia yake ya kazi, ile ya zamani yenye ukingo uliochakaa, ingawa maonyesho yalikuwa kesho. Akaketi, akanyoosha mikono, na Tayari akamwekea injini mapajani. Vidole vilianzia kwenye dohani, vikashuka kwenye tangi, vikapanda ngazi, vidato vitatu. Vilipofika kwenye ribiti za behewa la makaa vikapunguza mwendo. Babu alizipapasa moja moja, midomo ikihesabu kimyakimya.

"Filimbi bado iko kulia," alisema hatimaye. Lakini sauti yake ilikuwa imelainika, na mama aliacha kugonga ndoo. "Hii ndiyo yenyewe. Mwanangu, hii ndiyo yenyewe. Iwashe niisikie."

Tayari akaiweka mezani, akazungusha kifuniko. Tak, tak, taktak. Tak, tak, taktak.

Uso wa babu ulibadilika. Aliinama mpaka sikio likagusa meza.

"Zima," alisema. "Inachechemea. Mguu wa nyuma. Matundu ya fito yamelegea. Nani kazitengeneza?"

"Ni yule mtoto wa fundi baiskeli," alijibu mama. "Wanamwita Msasa."

"Basi mwambieni mtoto huyo akajifunze upya kutoboa." Babu alivua kofia akaiweka gotini. "Na mimi kesho sitaiendesha. Injini yangu haikuwahi kuchechemea hata siku moja. Siwezi kukaa mbele za watu na kilema hiki, wakasema mzee alikuwa akiendesha mkokoteni."

"Lakini, babu..."

"Nimesema. Nirudisheni kwa mjomba wako."

Mama alipangusa mikono kwa hasira. "Tayari, nenda kamwite Msasa aje aeleze kazi gani hii aliyoifanya. Siku tatu amekuwa akishinda hapa!"

Tayari alikwenda mpaka mlangoni. Akashika kitasa. Ilikuwa rahisi mno: Msasa angekuja, angefokewa, angebisha, na nani angemwamini mtoto mwenye vidole vilivyofungwa kitambaa kwa sababu keekee ilimteleza? Alisimama pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kufungua mlango. Kisha akageuka. Machozi yalikuwa yameshafika, yakimuudhi, kwa sababu hakuwa ameyaita.

"Fito hazikuwa na kosa," alisema. "Ni ekseli ya tatu. Sikuipima. Niliikadiria kwa jicho. Injini ilipokwama nikasema ni fito za Msasa, akazitengeneza mara tatu. Halafu nikayapanua matundu mimi mwenyewe, ili isikwame."

Mama aliacha kupangusa mikono.

"Nilikuuliza," alisema mama. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu huu, ukasema zote."

"Na wewe uliuliza kwa mdomo," babu alimkatiza binti yake kwa ukali, "hukuuliza kwa macho. Fundi mzima, mtoto anatia gundi ekseli, wewe bila shaka umegeukia ndoo zako!"

Ilikuwa mara ya kwanza Tayari kumwona mama akikemewa, na kwa kweli haikumpa raha yoyote. Kama kuna kitu kilichomchoma, ni kwamba kosa lake sasa lilikuwa limeenea kwa kila mtu chumbani.

"Haya," alisema mama baada ya kupumua. "Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tuna ukuta wa kujenga kabla jua halijatua. Magurudumu ya nyuma yatakatwa kwa msumeno. Hiyo gundi haiondoki. Utachonga mapya. Lakini kabla ya yote, nenda kwa Msasa. Huendi kumwita aje kujieleza. Unajua unakwenda kufanya nini."

Msasa alikuwa nje ya banda la baba yake, akinyoosha spoki. Alimsikiliza Tayari mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Mara tatu, Tayari," alisema. "Mara tatu! Nimetoboa mpaka baba akaniuliza kama nimeajiriwa. Usiku nikilala naona matundu. Nilifikiri mkono wangu umeharibika."

"Nisamehe."

"Na umezipanua kwa tupa? Fito zangu?"

"Matundu ya nyuma tu."

"Ya nyuma tu, anasema!" Msasa alitupa spoki chini. Alizunguka banda mara moja, akarudi na keekee mkononi. "Nakuja. Lakini siji kwa ajili yako. Nakuja kwa ajili ya fito."

Alasiri hiyo karakana ilijaa manung'uniko kuliko bati. Babu alinung'unikia msumeno, Msasa, akitoboa fito nyingine, alinung'unikia ukanda wa bati, mama alinung'unikia wote wawili. Tayari peke yake ndiye hakunung'unika. Alichonga magurudumu mawili mapya na kufunga mdomo. Mama aligongomea misumari miwili kwenye kipande cha ubao, mmoja ukishika pini ya kulia juu kabisa, mwingine ukishika ya kushoto mbele, ili ekseli isiweze kukaa vingine hata ikitaka. Walipitisha ya kwanza humo: sawa. Ya pili: sawa. Ya tatu Tayari aliiweka, akaitazama, akaitoa, akaiweka tena.

"Umepima?" aliuliza mama. Safari hii alikuwa ameinama juu yake, miwani puani.

"Tazama mwenyewe, mama. Na Msasa atazame."

Wakatazama wote. Babu naye akapapasa. Ndipo gundi ikatiwa. Muda wa kupaka rangi haukubaki.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Kwenye meza nne zilizounganishwa ilikaa injini nyeusi yenye magurudumu manne mekundu na mawili ya nyuma yenye rangi ya mbao tupu. Mwalimu wa ufundi aliinama, akainua nyusi.

"Kazi nzuri sana. Ila haya mawili mlisahau kuyapaka?"

Wanafunzi waliokuwa karibu walicheka. Tayari akasogea mbele.

"Hatukusahau, mwalimu. Ekseli ya tatu niliiweka vibaya, nikadanganya kwamba nimeipima, nikamlaumu Msasa. Jana tumeitengeneza upya, muda wa rangi ukaisha."

Hakuna aliyecheka tena. Msasa, aliyesimama upande wa pili wa meza, alijifanya anakagua fito, lakini masikio yake yalikuwa yamesimama.

"Haya," alisema mwalimu. "Dereva ameketi. Tayari?"

Babu alikuwa ameshaweka mkono juu ya behewa la makaa. Ulimi wa Tayari ulikwisha kujikunja kutamka lile neno lake, akauzuia. Akainama, akazungusha magurudumu ya nyuma kwa kidole, kulia, kushoto, mzunguko mzima.

"Bado kidogo, mwalimu," alisema. Akazungusha mara nyingine. "Haya, babu. Sasa."

Babu akageuza kifuniko. Injini iliondoka taratibu, tiki tiki tiki tiki, hatua zote sawa, fito zikipanda na kushuka pande mbili. Mzee hakuitazama, hangeweza kuiona. Aliifuata kwa sikio, kichwa kikigeuka nayo polepole mpaka mwisho wa meza, na mkono wake mtupu ulikuwa umeshika hewani kitu ambacho yeye peke yake alikijua. Ukumbi ulipolipuka kwa makofi, alivuta kofia ikafunika macho.

"Filimbi," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "iko kulia."

Walipokuwa wakirudi, injini ikiwa ndani ya sanduku la bati na babu ameshika bega la Msasa, mama alipunguza mwendo ili atembee na binti yake.

"Umeona ile ekseli?" alisema. "Iliharibika moja, lakini iliyokwama ni injini yote. Na uongo wako ulikuwa neno moja tu, 'zote.' Neno hilo likamtoboa Msasa vidole, likanifanya nimkasirikie mtoto wa watu bure, likamvua babu yako kofia. Kukosea hakuna aibu, mwanangu. Mimi ndoo zangu za kwanza zilivuja kama chujio. Kosa ukilisema mapema, linakugharimu alasiri moja. Ukilificha, wanalilipa wenzako."

Tayari aliitikia kwa kichwa, na safari hii maneno hayakutokea sikio la pili.

Jumatatu alitoka shule kama kawaida, akashika ufagio. Alifagia mbele ya meza, akafagia karibu na mlango. Vilivyobaki vilikuwa vichache sana, na ncha ya ufagio ilikuwa imeshaelekea chini ya benchi.

"Umemaliza kufagia?" aliuliza mama kutoka ndani.

Tayari aliinama, akachungulia chini ya benchi. Kulikuwa na vipande vya bati vya tangu mwanzo wa muhula.

"Bado, mama," alijibu, akapiga magoti.